Sambusa Niliyomkunjia Dada Rajkali

Kuna wasomaji wamemwambia mhariri kwamba mimi Dulari nina roho mbaya. Wanauliza kwa nini nisimsamehe tu dada Rajkali, maana tunakaa nyumba moja, tunachota bomba moja, na waume zetu wamezaliwa tumbo moja.

Nawajibu. Ninyi hamkumwona mwanangu Kajri siku ile.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita, mambo yalikuwa hivi. Kajri aliletewa posa na ukoo wa Tiwari. Siku ya kuja kumtazama, mama wa kijana, ambaye huku kwetu tunamwita Tiwarain kwa jina la mumewe, alikaa sebuleni na ndugu zake. Mwanangu akaingia na trei ya chai, ushungi kichwani, macho chini. Nikaona Tiwarain anatabasamu.

Kisha Kajri akaanza kucheka.

Alicheka hadi chai ikamwagikia mapaja ya mgeni. Kutoka kicheko akaingia kilio. Akasema mikono ile si yake, arudishiwe mikono yake. Moyo ukamwenda mbio, akaanguka, tukambeba mpaka hospitali.

"Huyu amekula bangi," daktari akasema. "Tena nyingi. Na moyo wake si wa kuchezewa. Asile tena hata chembe. Siku nyingine huenda msimlete hapa, mkampeleka mtoni."

Sisi watu wa Banaras tunajua wanaopelekwa mtoni ni maiti, wanapelekwa kuchomwa.

Posa ikafa. Kabla hata Kajri hajapata nguvu ya kutembea uani, Tiwarain akatuma mtu kuuliza kama nyumba yetu haina binti mwingine. Dada Rajkali akamtoa Indu wake. Wakakubaliana. Pete ikavishwa. Mimi nikaitwa kukaanga maandazi ya sherehe hiyo, nikayakaanga.

Chini ya kitanda cha Kajri nilikuwa nimekuta sahani yenye mabaki ya ladu, zile tamutamu za mviringo, imefunikwa kitambaa cha maua mekundu. Kitambaa kile dada Rajkali alikidarizi mwenyewe. Wala sikuhitaji polisi.

"Nani alikupa ladu?" nilimuuliza mwanangu.

"Mama, yaache."

"Ni mama yako mkubwa?"

"Mama, yameshapita. Usiniulize."

Nikajua anamwogopa. Nikamwambia sawa mwanangu, nimeyaacha.

Sikuyaacha. Nilikuwa nangoja Holi, sikukuu yetu ya rangi.

* * *

Duka la bangi la mtaa wetu lina kibao cha leseni, na mwenye nalo, Lallan, hukaa mlangoni akisaga majani kwenye jiwe kama mtu anayesaga nazi. Ya kuvuta ukikamatwa nayo ni kesi. Ya kula, wazee hupita hapo wakienda hekaluni, wanameza kidonge, wanaendelea na safari yao.

Sitasema uongo hapa gazetini. Mama mkwe wangu, Amma, amekula kidonge cha Lallan kila jioni tangu nimeolewa. Magoti yake yalikuwa hayamwachi alale. Akila, analala. Na asubuhi anadai chapati kabla jiko halijawaka. Kwake imekuwa dawa, na kiasi chake anakijua.

Basi nikaenda, nimejifunika uso.

"Shemeji!" Lallan akaniita. "Leo Amma hakuja mwenyewe?"

"Magoti."

"Kidonge chake kile kile?"

"Nipe na zaidi. Nataka kumtengenezea sambusa tamu za Holi."

Lallan akaacha kusaga.

"Sikiliza, shemeji. Ukiiweka kwenye samli inakuwa kali kuliko kuimeza hivi hivi. Na ya kula inachelewa. Mtu anakula, anakaa, anaona kimya. Anasema Lallan ameniuzia mchicha. Anaongeza nyingine. Ikimpanda, zinapanda zote mbili, na hakuna wa kumshusha mpaka zishuke zenyewe."

"Kumbe."

"Ehe. Na mwenye presha asiguse. Mwenye moyo mbovu asiguse. Mjamzito, mtoto, wasiguse. Amma mwili wake umeshaizoea. Asiyeizoea inamkokota kama maji ya mafuriko."

"Inamfanyaje?"

"Anacheka. Anaropoka. Anaogopa kivuli chake. Mwingine moyo unamdunda mpaka anaaga watoto." Akanitazama. "Kwani unataka kumlisha nani, shemeji?"

"Amma. Nimekwambia Amma."

"Mimi nauliza tu. Amma hajawahi kuaga mtu."

Nikachukua mzigo wangu, nikaondoka. Kila alichonionya nisifanye nilikibeba kichwani kama maagizo ya mapishi. Kwenye samli inakuwa kali? Nitaipika kwenye samli. Asiyeizoea anaropoka? Dada Rajkali hajaionja hata siku ya sikukuu ya hekalu, anajiona msafi mno.

Alilosema kuhusu presha nililisikia pia. Dada Rajkali humeza kidonge cha presha kila asubuhi, na mimi ndiye nimpaye maji. Lakini nilikuwa nimezoea kusema presha yake ni ya maringo.

* * *

Mipango yangu ilikuwa hivi. Mchana wa Holi, watu wakishamaliza kurushiana rangi na kuoga, Tiwarain angekuja na mwanawe kumtembelea Indu. Na desturi yetu ni kwamba siku hiyo mke mdogo wa nyumba humpaka mke mkubwa unga wa rangi miguuni, kisha anamlisha kitu kitamu kwa mkono wake. Mke mkubwa hawezi kukataa. Akikataa amemtukana mwenzake mbele ya watu wote.

Ningemlisha mbele ya mkwe wake. Naye angecheka hapo hapo sebuleni, pale pale mwanangu alipocheka.

Nilipika asubuhi mapema. Maziwa mazito, sukari, iliki, na pista nyingi, zile kokwa za kijani, ili ukijani usimshangaze mtu. Sambusa za kawaida nilizikunja ukingo kwa nje, kama nilivyofundishwa na mama yangu. Mbili nilizikunja kwa ndani. Hizo mbili ndizo zilikuwa na mkono wa Lallan.

Kajri akaingia jikoni. "Mama, nikusaidie kukunja?"

"Usiguse!"

Akarudi nyuma. "Jamani, mama. Nimegusa nini?"

"Mikono yako ina rangi. Toka."

"Na hizi mbili mbona umezikunja kinyume?"

"Vidole vimechoka. Kajri, nimesema toka. Na leo usile kitu chochote nisichokupa mimi. Umesikia?"

"Umeanza tena," akasema, akatoka.

Hata hajafika mbali, Amma akachungulia na fimbo yake, pua mbele. "Dulari, jiko lako linanukia kama mdomo wangu wa jioni."

"Nimekununulia kidonge chako, Amma. Kiko pale kwenye kikombe."

"Na mbona harufu iko kwenye kikaango?"

"Ni iliki, Amma."

"Iliki!" Akacheka na meno yake mawili. "Mimi nina magoti mabovu, pua sina tatizo nayo."

Akachukua kikombe chake, akaenda zake. Nikaziweka zile mbili juu kabisa ya sahani, nikafunika. Nikafunika na kitambaa cha maua mekundu. Nilitaka akione.

* * *

Wageni wakafika wamevaa nyeupe. Waume zetu walikuwa bado mtaani na ngoma zao, hivyo sebuleni tulikuwa wanawake, pamoja na kijana mwenyewe, Girijesh. Mpole, hana neno, ila Mungu alimpa masikio makubwa kweli kweli. Tiwarain amestaafu uuguzi. Hata leo hakupi mkono, anakushika kifundo cha mkono na kukupima mapigo huku akikusalimu.

"Mama Kajri," akasema, kidole chake kwenye mshipa wangu. "Unakimbia. Una nini?"

"Ni kupanda ngazi, dada."

"Nyumba hii haina ngazi."

Nikacheka. Akacheka. Nikaiendea sahani.

Nilipiga magoti mbele ya dada Rajkali. Nikampaka unga mwekundu kwenye vidole vya miguu, mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayempenda. Moyoni nilikuwa nasema, haya ndiyo magoti ya mwisho nakupigia.

"Dada, pokea Holi yako," nikamwambia, nikamwinulia sambusa ya kwanza.

Machozi yakamjaa. Mnafiki, nikasema.

"Dulari," akasema, mbele ya watu wote, "tangu siku ile hujanitazama usoni. Sijui nimekukosea nini. Ungeniambia ningekuomba radhi, hata kama mimi ndiye mkubwa. Lakini leo umekuja mwenyewe. Sasa mimi nikile kitamu hiki wakati mtoto wetu amekaa pale kama mgeni? Kajri, njoo hapa. Wewe kwanza."

Akaipokea ile sambusa mkononi mwangu, akamgeukia mwanangu.

Na Kajri akaja! Mwanangu, niliyedhani anamwogopa mama yake mkubwa kama nyoka, akaja mbio anacheka, akakaa miguuni pake.

"Fungua mdomo, mwanangu."

Kajri akafungua mdomo.

Nilikuwa na mambo mawili tu. Niseme "ina bangi," nijiumbue mbele ya Tiwarain. Au ninyamaze, nimwangalie mwanangu mwenye moyo ule akitafuna.

Niliruka. Nilimpokonya dada Rajkali ile sambusa mkononi, nikaitumbukiza yote mdomoni mwangu.

"Ee!" watu wakaguta.

"Dulari!" Amma akapiga fimbo sakafuni. "Hata tumbili wa hekaluni huomba kwanza!"

"Ilikuwa... ilikuwa imeungua," nikasema, mdomo umejaa.

"Imeungua ndiyo ukaila yote?" Tiwarain akauliza. Girijesh akainamisha kichwa asicheke.

Ningeitema, Amma angeinusa. Nikameza. Ilishuka kama jiwe.

Dada Rajkali alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika. Akanyoosha mkono kwenye sahani. "Basi mimi nakula hii hapa kabla hajanirukia tena."

Ilikuwa ya pili. Ukingo wa ndani.

Wasomaji, hapa sitajificha. Ningeweza kuruka mara ya pili. Nilikuwa karibu, mkono ungefika. Nikafikiria Kajri akidai arudishiwe mikono yake, na Indu akivishwa pete. Sikuruka. Nilimwangalia anatafuna, anameza, analamba kidole.

"Tamu," akasema. "Kuna pista?"

"Nyingi, dada," nikamjibu.

Akamlisha Kajri ya tatu, ile ya kawaida, yenye ukingo wa nje. Hiyo niliiacha.

* * *

Nilitaka kukimbilia chooni nitie kidole kooni. Tiwarain akanivuta kifundo, akanikalisha ubavuni pake.

"Kaa nasi, mama Kajri. Holi haikimbiwi."

Nikakaa. Nikajisemea, hata nikizama, nizame naye.

Wakaongea habari za bendi, za mpishi, za rangi ya sari ya Indu. Mimi nilikuwa natazama uso wa dada Rajkali kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Hakuna kitu. Anakunywa chai, anapanga harusi. Na mimi pia hakuna kitu. Nikaanza kumtukana Lallan kimoyomoyo. Mwizi! Kaniuzia mchicha!

Mama mwenzangu unayesoma, hapo ndipo watu wanapoponzwa. Unakula, unaona kimya, unadhani umepona. Kumbe iko njiani. Kama ningekuwa na nyingine ningemwongezea, kwa hasira tu.

Ilinianzia kwenye ulimi. Ulikauka, nikawa kama ninatafuna pamba. Halafu miguu yangu ikaenda mbali. Niliiona pale chini, ya mtu mwingine, yenye vumbi la rangi. Tiwarain alikuwa anasema neno "bendi," na lile neno likawa haliishi.

Nikashika ukingo wa kiti. Usiongee, Dulari. Chochote kitakachokuja, usiongee.

Ndipo dada Rajkali akacheka.

Kwanza kidogo, puani. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mkwe," akamwambia Tiwarain, "samahani, nikuulize. Masikio ya Girijesh alizaliwa nayo au mlimshonea baadaye?"

"Mama!" Indu akasema.

"Nauliza tu jamani! Huyu upepo wa mtoni ukivuma si atapaa? Indu mwanangu, umfunge kamba. Utaamka asubuhi mume yuko juu ya hekalu!" Akapiga makofi, akajipiga mapaja. "Na wewe mkwe, unavyotushika shika mikono, kama mtu anachagua bilinganya sokoni!"

Girijesh akafunika masikio yake kwa mikono miwili. Masikini, alikuwa mwekundu kuliko Holi.

Cheka, dada, nilikuwa nasema ndani yangu. Cheka kama mwanangu alivyocheka. Mwaga na chai.

Akaimwaga. Kikombe kilimponyoka, chai ikaenda kwenye sari nyeupe ya Tiwarain.

Nawaambia kweli, hakuna kitu kitamu nimewahi kula kama dakika ile. Mungu alikuwa ameniandalia mpaka chai.

Tiwarain akasimama. Alitikisa sari, akachukua mkoba.

"Girijesh, inuka twende. Mara ya kwanza binti, leo mama. Nyumba hii ina ugonjwa, nami siutaki kwangu."

"Mama mkwe, tafadhali!" Indu akaanguka miguuni pake, analia. Kajri akamkimbilia, akamkumbatia mwenzake. Nami kicheko kilikuwa kimenifika kooni, nikakiuma kwa meno.

Hapo Amma akainuka na fimbo yake. Akaenda mpaka mbele ya dada Rajkali, akamshika kidevu, akamtazama macho. Yalikuwa mekundu.

"Hiki kicheko nakijua," Amma akasema. "Ndicho cha Kajri. Nani amempa Rajkali bangi?" Akatugeukia sote, amekasirika. "Maana leo mimi sijampa mtu!"

* * *

"Bibi, nyamaza," Kajri akanong'ona.

"Amma," nikasema. Sauti yangu ilitoka mbali, kama redio ya jirani. "Umesema leo?"

Amma akatazama huku na kule. Akaona hana pa kutokea. Akakaa chini pale pale, fimbo kifuani.

"Mtoto alikuwa anatetemeka kama jani," akasema. "Anasema, bibi naogopa, nitamwaga chai, watanikataa. Rajkali alikuwa amemletea ladu apate nguvu. Nikavunja moja, nikatia kidonge changu katikati. Mimi kinanituliza. Nikadhani kitamtuliza na yeye. Akakaa, akasema bibi bado naogopa, hakifanyi kitu. Nikampa kingine."

"Viwili," Tiwarain akasema. Mkoba ukashuka begani.

"Nikamwapisha asiseme. Mngenipeleka wapi na uzee huu? Mngenitupa kwenye nyumba ya wajane, nife naimba nyimbo kwa bakuli la wali."

Nilimgeukia mwanangu. Alikuwa analia.

"Nilikwambia uyaache, mama," akasema. "Nilikwambia mara ngapi?"

Kile kitambaa cha maua mekundu kilikuwa miguuni pangu. Nilikitazama. Maua yalikuwa yanatembea.

Dada Rajkali alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ananitazama mimi. Taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha mbali, akaanza kuelewa.

"Dulari," akasema. "Kumbe ulidhani ni mimi?"

Nikakikanyaga kile kitambaa kwa mguu.

"Siku zote hizi ulidhani ni mimi? Mimi niliyemwogesha Kajri akiwa mchanga, wewe ukiwa na homa ya uzazi?"

Akataka kusimama. Mkono ukaenda kifuani, ukashika sari, ukaikunja.

"Mbona moyo..." akasema. "Indu. Indu, njoo. Moyo unakimbia. Unataka kutoka."

Akaanguka upande, kichwa kikagonga mguu wa meza.

"Mama!"

Tiwarain alitupa mkoba. Hakukumbuka sari wala masikio ya mwanawe. Alikuwa chini kabla Indu hajafika, vidole kwenye kifundo, kisha shingoni, kisha akainua kope.

"Girijesh, kaite riksha! Ya injini, upesi! Simama mlangoni uwazuie wenye ngoma. Indu, mama ana presha?"

"Anayo. Anakunywa dawa kila siku."

"Leo amekunywa?"

"Amekunywa."

"Mapigo haya siyapendi. Yanakimbia, yanakatika." Akainua uso, akatutazama mmoja mmoja. "Nisikilizeni. Mwenye kujua aseme. Amekula nini, na kiasi gani? Nikijua, nitawaambia hospitali na watajua pa kuanzia. Nisipojua, watabahatisha, na huyu hana nafasi ya kubahatishiwa. Bibi, umempa?"

"Sijampa!" Amma akalia. "Naapa kwa mto wetu Mama Ganga, leo sijampa!"

"Sasa nani?"

Kajri aliangalia sahani. Akaziangalia sambusa zilizobaki, zote ukingo kwa nje. Nikamwona anakumbuka jikoni. Nikamwona anakumbuka nilivyoruka. Macho yake yakainuka polepole mpaka yakafika kwangu.

"Mama," akasema. "Sema."

Maneno nilikuwa nayo. Ni bangi, dada Tiwarain, ya duka la Lallan, nimeipika kwenye samli, ameila yote. Maneno machache tu. Niliyapanga moja nyuma ya jingine, nikayashika yasitawanyike. Nikanyanyua uso.

Mlangoni nilimwona Girijesh. Alikuwa anamwita mwenye riksha kwa sauti yote, na bado ameyafunika masikio yake kwa mikono miwili.

Nikafungua mdomo niseme.

Kilichotoka kilikuwa kicheko, na sikuweza kukizuia.